Misheni ya Tisa

Jenereta ya jirani ikizimwa saa nne
nabaki na betri ya dakika arobaini,
na vita vizima vya mwaka sabini na nane
vinanisubiri kwenye kompyuta ya duka la fotokopi,
Barabara ya Adumi, Arua.

Misheni nane nimeshajenga. Sikutumwa, silipwi.
Ziwa halikunipa taabu. Taabu ni nchi kavu:
programu ilitengenezwa na watu wa baridi,
ukiiachia itapanda misonobari hadi Masaka
na nyumba za Kyotera itazivika mabomba ya moshi.
Nimeng'oa msonobari mmoja mmoja. Nimepanda migomba.

Nuwagaba wa Mbarara ndiye hunijaribia.
Huandika usiku wa manane: Misheni ya nne, daraja halivunjiki.
Namjibu, siku ile halikuvunjika.
Basi nishinde vipi?
Ushinde nini, Nuwagaba?
Rudi na mafuta. Tua. Alama ni hiyo.

Jumanne shangazi Letaru alikuja kutoa nakala
ya barua ile ile ya kiinua mgongo.
Kwenye kioo misheni ya nane ilikuwa inatua:
mkia ukatema parashuti ya breki, ikafura,
ndege ikapoa mwendo, rubani akaiachia,
na parashuti ikayeyuka, kama mate juani.

Shangazi akaweka barua chini.
"Kimekwenda wapi?"
Nini?
"Kitambaa changu."

Ukoo mzima tulijua alifanya kazi Entebbe.
Tulidhani jikoni.

Alinieleza wima, mkoba kwapani:
wanawake wanne na koplo mmoja mwenye kikohozi,
ndege ikigusa lami wao wanakimbia,
wakiwahi upepo wa ziwa usikibebe kitambaa majini.
Kufua. Kuanika. Kukagua mshono kwa kidole, si kwa jicho.
Kisha kukunja. Hapo alichukua gazeti langu la juzi
akalikunja, akalifungua, akalikunja tena,
hadi likawa kitu kidogo kigumu
ambacho nisingekiita gazeti.

Nikamuuliza vita. Nani alipiga, nani alipigwa,
kwa kombora gani, mwinuko gani.
"Juu hatukuangalia. Tuliangalia rafu.
Pengo kwenye rafu, basi ndege iko angani.
Jioni mapengo yanajaa.
La namba kumi na saba halikujaa.
Koplo akasema tuweke kingine.
Tukamwitikia ndiyo, afande.
Tukawa tunalifuta vumbi pengo."

Akalipa shilingi mia tatu, akaenda.

Wiki tatu za betri nimekifundisha kitambaa kukaa chini.
Sasa kinalala kwenye lami, kinapumua kidogo,
mpaka mtu aje. Na mtu nimemtengeneza:
programu haina mwanamke, nikamchonga
kutoka kwa askari mmoja wa theluji,
nikamvua koti, nikamvika gauni la buluu na raba.
Anakimbia vibaya. Magoti hayapindi.
Nuwagaba analia mashine yake inakwama kila akitua.
Namwambia, subiri. Anakuja.

Misheni ya tisa haina ndege ya kuendesha.
Unaanzia chumbani, saa kumi na moja jioni,
mlango wazi, rafu mbele yako.
Unasikia injini. Moja. Ya pili.
Kitufe kinachofanya kazi ni kimoja, cha kukunja.

Inaisha lini? anauliza Nuwagaba.

Sijaandika. Betri ina dakika sita,
shangazi atarudi Ijumaa na barua nyingine,
na gazeti bado liko hapa mezani.
Nimelifungua mara moja tu nione ndani,
na mkunjo wa tatu
sijaupata tena.